Kabla ya kuzunguka Grez, Montigny na Bourron-Marlotte: mambo ya kuzingatia

Binamu yangu alipokuja kunitembelea Paris kutoka Tanga, nilimwambia usiku, "Kesho treni yetu ni saa mbili na nusu, usichelewe kuamka." Akaitegesha simu yake 2:30. Ikalia saa nane na nusu za usiku, akavaa viatu, akaketi sebuleni na mkoba mgongoni akinisubiri. Tulicheka mwaka mzima. Lakini tangu siku hiyo, nikipanga safari na mgeni kutoka nyumbani, naandika saa kwa tarakimu za Kifaransa na za kwetu pembeni: 08:30, saa mbili na nusu asubuhi, 14:00, saa nane mchana.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi wanaonipigia kuuliza habari za mzunguko huu wa kutembea kwa miguu, kupita vijiji na msitu, huuliza umbali na viatu. Umbali hautawasumbua. Kitakachowasumbua ni saa: ya treni, ya duka la mkate, na ya jua.

Njia yenyewe iko kusini mwa Paris, katika mkoa wa Seine-et-Marne, pale msitu wa Fontainebleau unaposhukia bonde la mto Loing. Unateremka stesheni ya Bourron-Marlotte – Grez, unakwenda kusini hadi Grez-sur-Loing, unalifuata bonde kurudi kaskazini hadi Montigny-sur-Loing, unapanda kuingia msituni kwenye kilima cha mawe cha Long Rocher, unatokea Marlotte, halafu Bourron, kisha stesheni uliyoanzia. Jinsi ninavyoichora mimi hufika kama kilomita 17. Mtu mzima mwenye afya huenda kilomita 4 kwa saa kwenye njia tambarare. Kwenye mchanga na mawe ya Long Rocher, hesabu 3. Ukitoa hesabu hiyo utapata kama muda wa saa tano na utajiona una siku nzima mkononi.

Huna, kwa sababu hujahesabu muda wa kusimama, na vijiji hivi husimamisha watu. Pale Grez kuna daraja la kale la mawe ambalo wachoraji wamelichora hadi basi, Corot akiwa mmoja wao. Msweden Carl Larsson alifika mwaka 1882, Mjapani Kuroda Seiki akaja miaka michache baadaye, na mtunzi wa muziki Frederick Delius akahamia mwaka 1897, akabaki hadi alipofariki hapohapo mwaka 1934. Ndipo pia mwandishi Robert Louis Stevenson alipokutana mwaka 1876 na Fanny Osbourne, Mmarekani ambaye Stevenson alikuja kumuoa baadaye. Hatua chache kutoka kanisani kuna gofu la mnara wa Ganne. Louise wa Savoie, mama yake mfalme François wa Kwanza, alifia Grez mwaka 1531. Marlotte nako Auguste Renoir aliwachora rafiki zake mezani kwenye nyumba ya wageni mwaka 1866. Bourron kuna kasri lenye ngazi za umbo la kwato ya farasi, zilizoigwa kutoka kasri kubwa la Fontainebleau. Weka saa moja na nusu ya kusimama tu, na usimnyime mwenzako picha zake. Ongeza chakula, na siku yako imekwisha.

Sasa jua. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tunalichukulia jua kama mtumishi mwaminifu: linachomoza saa kumi na mbili na ushei, linazama saa kumi na mbili na ushei, mwaka mzima. Huku, mwishoni mwa Desemba, linachomoza saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama saa kumi na moja kasoro dakika chache jioni. Mwishoni mwa Juni linakaa hadi karibu saa nne usiku. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko uwanjani, labda kwa nusu saa nzima. Isitoshe, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na ya mwisho ya Machi husogezwa mbele. Simu hujirekebisha, saa ya mkononi aliyokupa babu haijui habari hiyo. Nimemwona mtu akifika stesheni mapema saa nzima, naye ana bahati, kwa maana kosa la upande wa pili ndilo la kuachwa na treni.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni uelekeo, na hapa nina msimamo wangu. Kuanzia Oktoba hadi Machi, anza na Grez. Sababu ni Montigny: nako kuna stesheni, ya reli ileile. Ukifika Montigny na saa nane mchana imeshapita katika siku fupi, usiingie msituni. Kaa, kunywa kahawa, panda treni urudi, na sehemu ya msitu iwe ya safari nyingine. Hakuna aliyeandika kwamba mzunguko lazima ufungwe. Kiangazi pindua njia: ingia msituni asubuhi kukiwa na ubaridi, uje kumalizia kwenye kivuli cha mto. Mchanga wa Fontainebleau ni mweupe kama wa Paje, na adhuhuri ya Julai unarudisha joto usoni vilevile.

Treni ni za laini R kutoka stesheni ya Gare de Lyon, Paris, zinazoelekea Montargis. Safari ni kama saa moja. Usipande tu laini R yoyote, kwa sababu matawi yake yanaachana baada ya Fontainebleau. Soma jina la stesheni yako kwenye ubao. Tangu Januari 2025 tiketi ya treni ina bei moja kwa eneo zima la Île-de-France, yaani Paris na mikoa inayoizunguka, na vijiji hivi vimo ndani yake. Nunua kadi ya Navigo Easy na upakie safari mbili kabisa kabla ya kuondoka Paris, ya kwenda na ya kurudi. Stesheni ndogo haina uhakika wa dirisha lililo wazi Jumapili jioni, na mkaguzi hasikilizi hadithi ya mashine mbovu. Piga picha ratiba ya kurudi, siyo ya treni moja: treni tatu za mwisho. Kumbuka pia kubeba pasipoti au kibali cha ukaaji. Mgeni nchini Ufaransa anatakiwa aweze kuonyesha hati zake akiulizwa.

Chakula kina saa zake pia. Migahawa ya vijijini hupika kati ya saa sita na saa nane mchana. Ukigonga saa nane na dakika kumi utaambiwa jiko limefungwa, tena kwa adabu, na hata ukilia halitafunguliwa. Duka la mkate hufunga mchana, Jumapili hufungua asubuhi tu, na Jumatatu huenda lisifungue kabisa. Ushauri wangu ni kubeba chakula kutoka nyumbani. Mimi hubeba chapati zilizokunjwa na mayai, kwa sababu haziminyiki kwenye mkoba na hazihitaji kisu. Ukitaka kununua mkate uliojazwa, na huli nguruwe, jifunze maneno mawili: jambon ni paja la nguruwe, na lardons ni vipande vidogo vya nyama ya nguruwe vinavyojificha ndani ya vitu vingi, hata ile pai ya mayai inayoitwa quiche lorraine. Thon ni jodari, fromage ni jibini, na hapo uko salama. Ukiingia dukani sema "Bonjour" kabla ya neno lolote jingine. Ni hodi yao. Asiyeitoa huhudumiwa kwa uso wa mbao.

Maji: lita moja na nusu kwa mtu, kiangazi mbili au zaidi, kwa kuwa msituni hakuna bomba wala chemchemi ya kutegemea, mchanga unayameza maji yote. Watembeaji wa Kifaransa wana siri moja ambayo mwanzoni ilinishtua, nayo ni makaburini. Makaburi mengi ya vijiji yana bomba kwa ajili ya kumwagilia maua, na watu hujaza chupa hapo. Angalia kwanza kama kuna kibao cha "eau non potable", yaani maji yasiyonyweka. Delius alizikwa kwanza makaburi ya Grez kabla ya kuhamishiwa Uingereza mwaka 1935, hivyo ukienda kutafuta maji pale una kisingizio cha heshima.

Kuhusu ramani. Msitu huu una historia ya pekee katika mambo ya alama. Claude-François Denecourt, askari wa zamani wa Napoléon, alianza mwaka 1842 kufungua njia za matembezi humu na kuwaongoza watu kwa alama za rangi ya buluu kwenye mawe na miti. Alifariki mwaka 1875, na njia zake zingali zinatunzwa. Mwaka 1861 sehemu ya msitu, hekta zaidi ya 1,000, ilihifadhiwa kwa amri ya serikali kwa ajili ya uzuri wake, baada ya wachoraji kupiga kelele. Matokeo ya historia hiyo tamu ni kwamba leo msitu una alama nyingi mno. Nyeupe juu ya nyekundu ni njia ndefu za kitaifa, njano ni matembezi ya mahali, buluu ni za Denecourt, na bado utakutana na nyingine. Mti mmoja unaweza kubeba rangi tatu. Alama ya msalaba haikatazi kupita: inakuambia kwamba njia ya rangi hiyo haiendi huko. Usifuate rangi kwa sababu tu inapendeza. Kabla ya kutoka, andika kwenye karatasi rangi gani inatumika kutoka wapi hadi wapi, na mahali unapoiacha.

Pakua kwenye simu ramani utakayoweza kuitumia bila mtandao, kisha nunua na ya karatasi. Ile ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, yenye namba 2417 OT inaonyesha msitu wote. Sentimita 4 ni kilomita 1. Ramani haiishiwi chaji. Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: msitu umegawanywa katika vitalu vyenye namba, zilizoandikwa kwenye miti ya pembeni, na njia panda nyingi zina vibao vya majina. Kila ukipita njia panda, piga picha ya kibao. Ukivunjika kifundo cha mguu na kupiga namba ya dharura, 112, swali la kwanza ni "uko wapi", na "kwenye miti mingi" halitamleta mtu.

Viatu nitavipita haraka. Raba zenye soli ya meno zinatosha wakati wa ukavu. Mvua ikinyesha, mawe ya Long Rocher huteleza kama sabuni, na buti linaloshika kifundo ni bora. Beba soksi za akiba, kwa kuwa mchanga utaingia. La kuangalia kwa makini zaidi ni mto. Loing unaonekana mpole, bata wanaelea, lakini Juni 2016 ulifurika hadi Nemours, mji wa jirani, ukawa chini ya maji kwa kiwango kilichopita kile cha mwaka 1910. Baada ya mvua za siku kadhaa, fungua tovuti ya serikali ya Vigicrues: kijani endelea, njano jihadhari na njia za ukingoni, chungwa au nyekundu ahirisha. Siku ya upepo mkali pia ahirisha, kwa sababu ya matawi.

Kati ya Septemba na mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Tangazo la "chasse en cours" kwenye mlango wa njia maana yake uwindaji unaendelea sasa hivi; geuka, hata kama umeshatembea saa mbili. Vaa kitu cha rangi kali, chungwa au njano, usivae kahawia kama kulungu. Moto hauruhusiwi msituni, hata jiko dogo la gesi la kuchemshia chai, kwa hiyo chai iingie kwenye chupa ya kutunza joto kabla ya kutoka nyumbani. Uyoga utauona kila mahali wakati wa vuli. Uache, kuna aina moja ya kijani hafifu inayoua ini, nayo inafanana na ya kuliwa.

Mwisho ni kupe, ambao hawana msimu wa mapumziko wa maana isipokuwa baridi kali. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu yake ndani ya soksi, hata ukichekwa. Duka lolote la dawa huuza kindoano kidogo kinachoitwa tire-tique. Kinagharimu pesa kidogo, kiweke mkobani. Ukirudi nyumbani, kabla hujaangalia picha, oga na ujikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kitovuni, na nyuma ya masikio ya watoto. Ukimkuta, mzungushe polepole na kindoano hadi aachie, bila mafuta wala moto wa kiberiti. Akitolewa ndani ya saa 24 uwezekano wa kuambukiza ugonjwa wa Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe, huwa mdogo. Kisha andika tarehe ukutani au kwenye simu, na uliangalie eneo lile kwa siku 30. Wekundu unaotanuka kama duara ni wa kumwonyesha daktari siku hiyohiyo. Na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani wazi kama katika picha za vipeperushi, kwa hiyo chunguza kwenye mwanga wa dirisha na ukiona hata kivuli tu kinachopanuka, nenda ukaseme tarehe uliyoandika.