Kontena la Lubumbashi kupitia Dar: lori liwe la mwisho

Wateja wananipigia meli ikiwa imeshatia nanga, na swali ni lilelile: "Lori bei gani?" Kaka, dada, anza na BL, hati ya mzigo anayoitoa mwenye meli, tena mzigo ukiwa bado kwa muuzaji.

Omba rasimu uisome. Lazima iandikwe wazi kwamba mzigo ni wa transiti kwenda Lubumbashi, Kongo. Isipoandikwa, manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, itauhesabu kuwa wa kuishia Dar, na utalipia marekebisho huku kontena limelala yadi. Uzito na maelezo yafanane na ankara. Cheti cha FERI, kile cha taarifa za mzigo unaoingia Kongo, kiombe mapema. Wanaokikumbuka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, humlaza dereva huko.

Wakala wa forodha ndiye anayeweka dhamana, kwa sababu mzigo wa transiti haulipiwi ushuru Tanzania. Dhamana inaishikia serikali ushuru huo mpaka lori livuke Tunduma, mpakani na Zambia. Muulize imebaki nafasi kiasi gani. Ikiwa imejaa mizigo ya wengine, wako utangoja ya kwao ifungwe. Hapa wateja huwa hawaulizi kabisa.

Siku za bure, ambazo kontena halitozwi, ziko za bandari na za kampuni ya meli, kila moja na hesabu yake. Hesabu ya meli haikomi mpaka kontena tupu lirudishwe, kwa hiyo safari nzima ya Lubumbashi, kwenda na kurudi, imo humo. Ziombe ziongezwe kabla ya kupakia; baadaye hakuna atakayekusikiliza.

Uzito ndiyo wenye kesi. Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa lori na mzigo wake, lakini mizani ya Vigwaza inapima na ekseli pia, yaani uzito unaokalia kila mhimili wa magurudumu. Marumaru zikirundikwa upande wa mlangoni, jumla itakuwa sawa na ekseli za nyuma zitazidi. Dereva na utingo hawawezi kufungua wapange upya, lakiri ya forodha, ile kufuli ya muhuri, ipo mlangoni. Basi muuzaji akupigie picha kontena likiwa nusu, kisha likijaa.

Sasa ndiyo tuje kwenye lori. Mwenye lori anapiga hesabu ya shaba ya Kongo atakayoshuka nayo Dar. Ukimbebesha kontena tupu la kurudisha, tela limeshajaa na shaba hana pa kuiweka, kwa hiyo bei yako inapanda. Kwa mzigo mgumu kama marumaru au mabati, mimi hushauri uhamishiwe kwenye tela palepale bandari kavu ya Dar, forodha wakisimamia. Utalipia vibarua na turubai, ila kontena linarudi kwa wenye meli mapema, uzito unapangwa ukiuona, na lori linapanda likijua litashuka na shaba. Simu na televisheni usithubutu: ziache ndani ya kontena, lipa hiyo tofauti.