Namna ninavyopiga picha za watu na maji

Kabla sijagusa kamera, naangalia mwezi. Mimi ni wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na kwetu maji ndiyo yanayopanga siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: bahari inakupwa hadi karibu na mwamba, na ikijaa inarudi mpaka kwenye kuta za ufukweni. Katikati yake ni maji mafu, yasiyokwenda mbali wala kurudi kwa nguvu. Ukitaka kupiga picha za sanaa majini, anzia hapo, maana kila hali ya maji humsimamisha mtu kwa namna yake. Bamvua likikupwa, mtu huonekana mdogo kwenye uwanda mtupu unaometa, na hapo napata picha za upweke, mara nyingine za uhuru. Asubuhi ya maji mafu isiyo na upepo, sura ya mtu inakaa juu ya maji bila kutikisika. Wakati wa kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba, bahari ikijaa mwili wote hukaza, hata wa mtu aliyezaliwa pwani.

Kwetu bamvua hukupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, jua limeshapanda. Wapiga picha wengi huukimbia mwanga huo. Mimi nautafuta, kwa sababu mchanga mweupe uliolowa huurudisha juu, ukaingia chini ya kidevu, chini ya ushungi na ndani ya macho. Kila siku muda wa kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50, basi jipangie siku tatu nne mfululizo, usitegemee moja.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa namwagiza mtu: tazama bahari, huzunika. Anatazama bahari, anashusha mabega, na picha inatoka tupu. Siku hizi nampa kazi ya kweli ya maji. Afue, atawadhe, avute kamba, aoshe miguu ya mtoto. Mikono ikishughulika, uso unasahauliwa, na hapo ndipo yaliyomo moyoni yanapotokeza.

Shangazi yangu analima mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara huku kwetu, Paje na Jambiani, mwaka 1989, naye alikiingia akiwa msichana. Asubuhi moja ya bamvua nilimfuata shambani kwake, nikasimama hatua kumi pembeni, maji yakinifika magotini, lenzi ya milimita 50. Alichuchumaa baina ya vigingi, maji yakamfika kifuani. Akakaza fundo kwa meno, akatema chumvi. Kisha akaacha kazi. Akalaza viganja vyote viwili juu ya maji bila kuyabonyeza, akafumba macho kwa pumzi mbili, labda tatu. Nikapiga.

Nilijua nimepata huzuni. Msimu ule kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulikuwa umekufa kwa joto la maji, kamba nzima nzima zimebaki uzi mtupu. Nikaandika hivyo chini ya picha. Jioni nikampelekea aione. Akaitazama sana, akasema, “Mwanangu, hapo mgongo ulikuwa unaniachia.” Ulikuwa unamuuma tangu alfajiri, na alipochuchumaa maji yakambeba. Nikafuta maneno yangu, nikaweka yake. Tangu siku ile sitaji hisia ya mtu kabla sijamuuliza, na nakuomba nawe ufanye hivyo, kwa sababu ukishaipa picha jina la uongo utaendelea kuchagua na kukata picha zako kuufuata uongo huo.

Kupanga picha si kosa. Mpiga picha Aïda Muluneh wa Ethiopia alipiga mfululizo wake wa Water Life huko Dallol, jimbo la Afar, na kila kitu kimepangwa: wanawake, mavazi ya rangi nzito, ardhi ya chumvi. Nyuso zile hazilii. Uzito wa kutafuta maji umekaa shingoni, mikononi na katika upeo mpana nyuma yao. Ukipanga, panga mwili na nafasi, uso uuache.

Sasa nguo. Kanga ikilowa hushika mwili, na mwanamke aliyekubali kupigwa picha akiwa mkavu anaweza asikubali akiwa amelowa. Mwambie kabla hajaingia majini. Mimi humwomba avae gauni zito ndani na kaniki juu, na akitoka nampa kanga kavu kabla ya jambo lolote. Kisha namwonyesha picha zote pale pale. Anayosema ifutwe, naifuta mbele ya macho yake. Mtu anayejua kwamba neno la mwisho ni lake hupumua kwa raha, na pumzi hiyo inaonekana kwenye mabega.

Kwa upande wa kamera, spidi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ndiyo kubwa. Kwa 1/1000 ya sekunde matone husimama hewani kama shanga. Inafaa kicheko, hasira, mtoto anayejimwagia kata ya maji. Kwa 1/15 maji yanavutika nyuzi nyuzi huku mtu aliyetulia bado anatambulika, nami hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Sekunde nzima na zaidi, wimbi linakuwa ukungu, na hapo huna budi kutumia stendi. Isindilie mchangani kwanza, maana kila wimbi linachota mchanga chini ya miguu yake. Filta ya polaraiza, ukiizungusha polepole, huondoa mng'aro ukaona miguu na mwani chini. Inakula mwanga wa stopu moja hadi mbili, yaani unabaki nusu au robo tu. Lakini tazama pia bila filta, kwani mara nyingine mng'aro wenyewe ndio picha. Kwa simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka weupe wa maji urudishe mistari yake. Usibadilishe lenzi baharini, na ukifika nyumbani futa chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo ya chumvi, kikakamuliwa sawasawa. Na maji yakianza kujaa, tokeni. Mikondo iliyo nyuma yenu hujaa kwanza, wakati mlipo bado ni pakavu.

Huna bahari? Beseni linatosha, hata uwe Dodoma au Kigali. Chukua jeusi, ulijaze kina cha vidole vinne, uliweke karibu na mlango ulio wazi na taa zote zizimwe. Mtu ainame juu yake, nawe ulenge sura iliyo ndani ya maji, umwache mwenyewe nje ya fremu. Muulize: mara ya mwisho kuteka maji na mama yako ilikuwa wapi? Kila niliyemuuliza ametazama chini kabla ya kujibu. Hapo achia tone moja kutoka ncha ya kidole, ngoja mawimbi yaufikie uso, na ubonyeze ukiwa umevunjika nusu tu. Likishapita, usirudie haraka. Maji yanataka dakika nzima kutulia, na mtu naye anaihitaji.

Katika picha za siku ile ya mwani mimi nilichagua iliyofumba macho. Shangazi alichagua nyingine, ambayo nusura niifute: viganja vyake tu, ngozi imekunjamana kwa maji, na viduara vyembamba vikitanuka kutoka vidoleni. Ya uso aliniambia niwaonyeshe watu. Ya mikono aliitaka yeye, ameitundika chumbani juu ya kasha lake. Sasa kila kazi, kabla sijafunga mkoba, napiga mikono pia.