Nondo wa vuli: namna ya kuwarekodi na kuwatambua, kuanzia shuka hadi jina

Andika neno "nondo" kwenye intaneti uone. Utaletewa bei za vyuma vya zege, milimita 12 na milimita 16, na namba ya mtu wa kukufikishia mpaka saiti. Mimi nawasema wale wadudu wanaojigonga kwenye taa ya barazani usiku kucha mvua za vuli zikishaanza. Mpwa wangu alikuja likizo hapa kwetu, chini ya milima ya Usambara Mashariki upande wa Muheza, akataka nimfundishe kuwarekodi. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Zikapita siku nne, na nusu ya maswali aliyoniuliza majibu yake nilikuwa nimeyapata kwa kuumia. Basi nayaandika hapa.

Vuli kwa sababu mvua za Oktoba mpaka Desemba huchipusha majani mapya, viwavi wakala wakashiba, na nondo wakatoka kwa wingi. Masika pia wapo, lakini masika hukupi nafasi ya kuanika hata leso, seuze shuka la kutegea. Vuli hunyesha ikaacha. Usiku wenye mawingu, joto la kutoa jasho na upepo uliotulia, huo ndio wako.

Hatua ya 1: Toa taarifa

Barazani kwako au shambani kwako huhitaji kibali cha kupiga picha. Ukitaka kuingia msitu wa hifadhi kama Amani, nenda kwanza ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ukitaka kuwakamata na kuwakausha kwa ajili ya utafiti, hiyo ni habari nyingine, inahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mimi sikamati, napiga picha tu. Hata hivyo mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Taa ya buluu inayowaka ukingoni mwa msitu saa tano usiku watu wataisemea: wa kwanza atasema wachimba dhahabu, wa pili atasema mambo ambayo hutaki jina lako liwemo.

Hatua ya 2: Chagua giza

Waulize wavuvi wa dagaa wa Tanga kwa nini mbalamwezi ikiwaka wanabaki pwani kushona nyavu. Karabai haina nguvu mbele ya mwezi. Kwa nondo ni vilevile. Usiku wa mwezi mpevu nimewahi kukaa mpaka saa sita nikaambulia nondo kumi na moja. Siku kumi baadaye, palepale, ukurasa wa daftari ulijaa kabla ya saa tatu.

Hatua ya 3: Shuka na taa

Shuka jeupe la pamba, kamba ya katani kati ya miti miwili, pindo la chini likunjuliwe juu ya nyasi kwa sababu wengine hutua chini na hawapandi. Usitumie nailoni, nondo wanateleza. Lifue kwa sabuni ya unga ya kung'arisha, ile inayofanya shati jeupe liwe kama na ubuluu. Mbele ya taa ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno, shuka hilo hung'aa lenyewe.

Kuhusu taa nina msimamo, na wanaotumia jenereta watanisamehe. Balbu kubwa za zebaki zinavuta nondo wengi kweli, lakini ukiongeza jenereta, petroli na kelele, unakuwa umefanya harusi. Taa ndogo ya UV ya LED inayokula umeme wa pawabenki inatosha. Tazama namba iliyoandikwa, ndiyo urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita: 365 ni nzuri, 395 ni zile za bei chee, zinatoa mwanga mwingi wa zambarau wa kufurahisha macho yako wewe na si ya nondo. Kama hujui uanzie wapi, uliza kwa wanaouza vifaa vya kukagulia noti bandia. Usiikodolee taa hiyo macho.

Jambo moja kabla hujakaa. Kuna mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, mrefu kama punje ya mchele, wengi wanamwita nairobi flai. Naye huja kwenye taa wakati wa mvua. Akitua shingoni mpulize aondoke. Ukimponda, maji yake yatakuunguza ngozi, na asubuhi utaulizwa umechomwa na nini.

Hatua ya 4: Subiri kumbikumbi wapite

Mvua ya kwanza ya vuli ikikatika jioni, kumbikumbi watakuja kama moshi. Shuka halionekani. Zima taa, nenda kale, rudi baada ya saa moja. Wakisharuka na kudondosha mbawa hawarudi usiku ule. Mpwa wangu alikataa kuzima, akabaki anawafuta kwa mkono. Nilimwacha.

Hatua ya 5: Picha

Simu inatosha. Usitumie mwako wa kamera. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni, tochi imefunikwa karatasi ya chooni safu moja. Weka rula ya shule kando ya nondo, si kidole, vidole vyetu havilingani. Picha tatu kwa kila mmoja: mgongoni, ubavuni, na usoni ili papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, zionekane kama ni uzi mtupu au zina meno kama kitana.

Picha ukimtumia mtu kwa WhatsApp kama picha, mahali na saa zilizofichwa ndani yake zinafutika. Itume kama faili la hati.

Hatua ya 6: Saa na tarehe

Hapa ndipo nilipolia, kwa hiyo nitakaa.

Msimu wangu wa kwanza niliandika daftari kama ninavyozungumza. "Saa 3 usiku, nondo mkubwa wa kijivu, shuka upande wa kulia." Sawa kabisa kwa Mswahili yeyote. Kisha nikakaa kuingiza rekodi 212 kwenye iNaturalist, programu ya kurekodi viumbe kwa picha, na penye saa nikaandika 3:00. Programu haijui kwamba siku yetu inaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Ikapokea saa tisa usiku. Nondo wangu wote wa jioni wakawa nondo wa manane.

Miezi minne baadaye mtu aliyekuwa akilinganisha saa za nondo kuruka aliniandikia kwa adabu sana: inakuwaje kwako nondo hawaji mapema kamwe, ilhali sehemu nyingine zote wanajaa baada ya magharibi? Nilisoma ujumbe ule nikahisi baridi.

Ungedhani ni kazi ya kujumlisha tu. Ingekuwa hivyo kama ningekosea kila mahali. Lakini kuna mistari niliyoiandika kwa kutazama simu, ambayo ina saa za ishirini na nne, na mingine kwa saa ya mkononi, ambayo nimeitega Kiswahili kama baba yangu alivyokuwa akitega yake. Mstari ulioandikwa "1:30" ni saa moja na nusu jioni, au ni saa saba na nusu usiku kwa saa ya simu? Nilikaa usiku mbili na daftari. Kilichoniokoa ni kumbikumbi: kila nilipokuwa nimeandika pembeni "kumbikumbi wengi, nimezima", nilijua hapo ni jioni, mvua imekatika punde, nikahesabu mistari kuanzia pale. Rekodi 31 zilinishinda. Nilizifuta saa, nikaacha tarehe.

Kwa hiyo hesabu ndiyo hii, iandike ndani ya jalada la daftari. Saa moja usiku mpaka saa tano usiku, ongeza 18: saa tatu inakuwa 21:00. Saa sita usiku ni 0:00. Saa saba usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, toa 6: saa nane inakuwa 2:00. Au fanya ninavyofanya sasa: saa ya mkononi inabaki nyumbani, simu imetegwa saa za ishirini na nne, na daftarini naandika tarakimu nne tu, 2115, 0140. Neno "usiku" halionekani kwenye ukurasa.

Halafu tarehe, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani kama kosa. Ulitandika shuka Jumamosi tarehe 14. Nondo aliyekuja 0140 ni wa tarehe 15. Ukimwandika 14 kwenye programu, umemrudisha nyuma siku nzima. Ukiamua kugeuza tarehe daftarini ifikapo saa sita, kesho utakuta usiku mmoja umekatwa vipande viwili na hujui tena shuka lile lilipata nondo wangapi. Suluhisho langu: juu ya ukurasa naandika tarehe zote mbili, "usiku wa 14/15 Novemba", chini saa tupu. Wakati wa kuingiza, chochote kilichoanza na 18 hadi 23 kinapewa 14, kilichoanza na 00 hadi 05 kinapewa 15.

Na usimtegemee mtu mwingine kwa neno la mdomo. Jirani yangu mzee aliwahi kuniambia amemwona nondo mwenye fuvu mgongoni akitoka kwenye mzinga wake "usiku wa Ijumaa". Nikaandika Ijumaa. Kumbe kwake, kama kwa wazee wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Siku hizi nauliza hivi: kulipokucha ilikuwa siku gani?

Jina ukikosea leo, mtu atakusahihisha hata baada ya miaka kumi, picha ipo. Tarehe ukikosea hakuna wa kuisahihisha, kwa sababu aliyekuwapo ni wewe peke yako.

Hatua ya 7: Jina

Anza na namna anavyotua, itakupa familia yake. Mabawa marefu membamba yaliyolala nyuma kama ndege ya kivita, kiwiliwili kinene: Sphingidae. Amejibandika bapa ukutani kama jani lililolowa: mara nyingi Geometridae. Ameyainamisha mabawa kama paa la nyumba: tafuta kwanza Noctuidae.

Hapa kwetu wachache watakuzoea haraka. *Agrius convolvuli* ni mkubwa, kijivu, humpendi mpaka afungue mabawa, ndipo unaona pingili za waridi na nyeusi tumboni. Kiwavi wake yuko kwenye matembele yako. *Hippotion celerio* ana mstari wa fedha kwenye kila bawa la mbele. *Acherontia atropos* ndiye yule wa jirani yangu, mwenye fuvu; ukimshika analia kama panya, na kweli huingia mizingani kuiba asali. *Cyligramma latona*, kahawia, mwenye mshipi mweupe unaopita mabawa yote na jicho moja kila upande, hushinda mchana chini ya paa, na bibi yangu alikuwa akisema ni mgeni anayekuja.

Programu itakupendekezea jina. Lichukue kama neno la mpita njia. Hupendekeza aliyepigwa picha nyingi, na waliopigwa picha nyingi wako Amerika Kaskazini, Ulaya na Afrika Kusini. Kabla hujakubali, litafute jina hilo kwenye Afromoths, tovuti yenye orodha ya nondo wa Afrika, uone kama Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zake. Wengine hawatambuliki kwa picha kabisa, mpaka mtaalamu apasue viungo vya uzazi. Hao waachie jenasi, yaani neno la kwanza la jina, na ulale.

Nondo wa kwanza wa mpwa wangu alikuwa wa kahawia-kijivu, mdogo, aliyetoka upande wa mahindi. Programu ikasema *Spodoptera frugiperda*, mzazi wa viwavijeshi vamizi, wale waliotoka Amerika, wakaonekana Afrika 2016 na kufika Tanzania 2017. Akafurahi. Nikamwambia andika *Spodoptera* basi. Dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa, lakini jike amefifia, na ndugu zake wanafanana naye mno. Asubuhi tuliingia shambani tukachungulia kwenye moyo wa mhindi. Kiwavi yumo, usoni ana Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne yaliyopangika mraba. Huyo ndiye, naye akapata rekodi yake mwenyewe, na saa yake: 0710.

Si wote ni wa usiku, hilo nalo. *Chrysiridia croesus* huruka mchana kweupe, kijani cha kumetameta, na kila mtu hapa anamwita kipepeo. Tazama papasi: kipepeo ana kirungu nchani, huyu hana.

Hatua ya 8: Kunja

Kabla hakujapambazuka, kung'uta shuka taratibu vichakani, mbali na nyumba. Kuku wanajifunza upesi. Siku ya tatu jogoo wetu alikuwa keshajipanga chini ya kamba saa kumi na moja na nusu, na nondo mmoja ambaye sikuwahi kumpiga picha ya usoni yuko daftarini hivi: "0525, Sphingidae, kijani, ameliwa."