SOMO: Komeo gani la kisu cha kukunja linavumilia mchanga na tope

Wakuu, swali la "kisu kikiingia mchanga hakifungi, ninunue kipi" nimelijibu mpaka vidole vimechoka. "Hakifungi" maana yake komeo halishiki bapa (sehemu yenye makali) likiwa limefunguliwa, likaweza kujikunja mkononi. Leo naandika mara moja. Nikiulizwa tena natuma huku.

1. Ujue uchafu wako. Mchanga mkavu hupukutika. Utomvu huganda. Nyuzinyuzi za mfukoni ndizo mbaya zaidi, hujishindilia kimyakimya.

2. Mulika tochi kwenye mpini. Ulio wazi mgongoni hutema uchafu, uliozibwa huuweka akiba.

3. Tazama komeo linakamatia wapi. Hapa ndipo nilipoumia. Kisu changu kilikuwa cha komeo la mgongoni, aina iliyovuma na Buck 110, kisu cha kukunja cha Kimarekani, miaka ya 1960: mwamba mrefu wa chuma, jino lake linaingia kwenye pengo lililochongwa kitakoni mwa bapa. Komeo imara kabisa, ila lile pengo limejificha. Tope likishindiliwa mle, jino linaingia nusu. Nilisikia "ka!" nikaridhika, nikaendelea kuchimbua mizizi. Ncha ilipokwama nikasukuma, jino likachomoka, bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada. Mishono minne.

ONYO: mlio si ushahidi. Mwamba ukibaki umeinuka juu ya mpini kuliko kawaida yake, hata kwa unene wa kucha, hakijafunga.
ONYO: usipime kwa kugongesha mgongo wa kisu mezani. Sukuma mgongo wa bapa taratibu, vidole vikiwa nje ya njia ya makali.

4. Chagua. Bati la ubavuni ni ukanda wa chuma ndani ya mpini unaojisukuma nyuma ya kitako cha bapa: unaliona likikaa na unalisafisha kwa kijiti. Adui yake ni grisi kwenye uso wa kukamatia, linateleza. Pini ya kukingama, inayopita upande hadi upande wa mpini na kuzuia kitako cha bapa, husukuma mchanga pembeni vizuri, lakini springi zake ni nyembamba na mara nyingi zimefichwa ndani ya mpini. Pete ya kuzungusha shingoni mwa mpini, kama ya Opinel (kisu cha mpini wa mti) tangu 1955, haina springi kabisa: ikiingia mchanga inakuwa ngumu mkononi, na ugumu huo ndio taarifa. Mimi kwenye vumbi nabeba pete, kwenye maji bati la ubavuni. Komeo linalokataa waziwazi ni bora kuliko linalokudanganya.

5. Osha, kausha, tone moja la mafuta kwenye pini ya kukunjia. Moja.

MASWALI YA WADAU

— Mkuu, kwa hiyo kipi bora?
— Namba 4.

— Nina komeo la mgongoni mwaka wa saba, halijawahi kunisumbua. Unatisha watu bure.
— Sijasema kitupwe. Nimesema kitazamwe. Changu bado ninacho, nimekinunulia mswaki.

— Samahani mwalimu, kwa nini tone moja? Mimi huwa namimina ili uchafu uelee utoke.
— Swali zuri. Kumimina ili kuosha ni sawa, mradi ufute yote baadaye. Mafuta yanayobaki hunasa vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa kama msasa, linakula pini kila unapofungua. Penye vumbi jingi jaribu unga wa risasi ya penseli kwenye pini: unalainisha ukiwa mkavu, haunati. Usiupake uso wa kukamatia wa bati, utateleza. Na kisu cha majini usikipake, unachochea kutu.

— Changu cha pete kimenyeshewa, bapa halitoki. Nitumie koleo?
— Weka koleo chini! Mti umevimba tu. Zungusha pete iwe wazi, kisha gonga kona ya kitako cha mpini, upande wa mfereji bapa linakotokea, kwenye kitu kigumu. Ncha itachomoza. Ni mbinu ya watu wa Savoie, Ufaransa, kinakotoka kisu chenyewe. Kikikauka, paka mafuta ya kitani ndani ya mfereji.

— Hayo mafuta ya kitani yanafaa na mpini wa jembe?
— Yanafaa sana. Paka, acha yanywe, futa, rudia kesho. Kitambaa chake usikikunje ukakitupa pembeni, kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

— Mkuu, mimi nachimba udongo kutwa nzima. Nichukue komeo lipi?
— Chukua kisu kisichokunjwa.

— Kwa hiyo komeo lake ni lipi?
— Ndugu yangu.