Jinsi ya Kukusanya Saa za Zamani Zisizoathiriwa na Sumaku

Anayeanza kukusanya saa za mkono hapa Moshi hukutana mapema na neno Antimagnetic, yaani isiyoathiriwa na sumaku, ambalo limechapwa kwa herufi ndogo kwenye uso wa saa nyingi za Uswisi za miaka ya 1940 hadi 1960, na wauzaji hulitumia kupandisha bei. Kabla ya kulilipia, ni muhimu kufahamu kwamba neno hilo hubeba maana mbili.

Maana ya kwanza inahusu springi nyembamba kama unywele inayolirudisha gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kupima muda. Springi ya zamani ya chuma ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana, urefu unaofanya kazi hupungua, na saa huanza kukimbia. Charles Édouard Guillaume, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920 kwa utafiti wake wa aloi za chuma na nikeli, ndiye aliyefungua njia ya springi zisizoshikwa kwa urahisi na sumaku, na kufikia 1930 Tissot ilikuwa ikiuza saa ya mkono ya aina hiyo. Saa nyingi utakazoziona mitaani ni za kundi hili, nazo ndizo ninazompendekezea anayeanza.

Maana ya pili ni nzito zaidi: mashine yote imezungukwa na ngao ya chuma laini inayoupitisha uga wa sumaku pembeni. Humu zimo IWC Ingenieur ya 1955, Rolex Milgauss ya 1956, iliyotengenezwa kustahimili gausi 1,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), na Omega Railmaster ya 1957. Ukiuziwa mojawapo kwa bei ya mitumba, shuku kwanza.

Unapokwenda kununua, chukua dira ndogo, wala usipime kamwe kwa kipande cha sumaku, kwa sababu utaiharibu saa unayoitafuta. Isogeze saa kwenye ncha moja ya sindano, kisha kwenye ncha ya pili, ukiigeuza polepole. Chuma kisicho na sumaku huvuta ncha zote mbili. Ncha moja ikisukumwa, saa imeshika sumaku. Hilo lisikukatishe tamaa. Saa yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa mzee mmoja wa Kibosho, ilikuwa ikikimbia dakika kadhaa kila siku, na fundi wa kwanza alitaka kubadilisha springi; fundi wa pili aliipitisha kwenye koili ya umeme ya kuondolea sumaku, akaitoa taratibu umeme ukiwa bado unapita, nayo ikatulia siku hiyohiyo.

Baada ya dira, mwombe fundi aufungue mfuniko wa nyuma mbele yako. Katika saa yenye ngao utaona mfuniko wa pili wa ndani, mtupu usio na mapambo, na ukikosekana, saa imepoteza kinga yake na sehemu kubwa ya thamani yake. Kisha tazama uso kwa kioo cha kukuzia: herufi nene zisizolingana huonyesha kwamba umepakwa rangi upya, na mimi huchagua uso wenye madoa lakini wa asili. Rangi ing'aayo gizani katika saa za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi ina radiamu, hivyo usiikwangue wala kuipuliza.

Nyumbani, weka saa mbali na spika, simu na mikoba yenye vifungo vya sumaku, na wakati wa masika zihifadhi pakavu, kwa kuwa ngao ya chuma laini hushika kutu haraka. Kwa kila saa tenga ukurasa wa daftari, andika namba ya kasha, namba ya mashine na sekunde inazozidisha au kupunguza kwa siku. Siku saa iliyokuwa imetulia itakapoanza kukimbia ghafla, anza na dira kabla ya kumpelekea fundi.