Vitunguu vya siki vya chapchap, na kwanini usivipike

Nianze na kosa langu maana naona watu wengi wanalirudia. Mara ya kwanza kutengeneza hivi vitunguu nilichemsha siki, nkatia vitunguu humohumo kwenye sufuria nkaviacha vitokote kama dakika 5 hivi, kichwani nikijua ndo vinakolea. Vilikolea kweli, ila vililegea mpaka ukivinyanyua na uma vinaning'inia kama nyuzi zilizolowa, na nyumba ikanuka siki mpaka jioni. Kumbe hapa hakuna kupika kabisa. Kitunguu kinabaki kibichi kwenye chupa yake, siki ndo inakifuata kilipo.

Vitu vyenyewe ni vichache. Kitunguu maji chekundu kimoja kikubwa, siki nusu kikombe, maji nusu kikombe (kikombe ninachosema ni cha mililita 250, kwahiyo kila kimoja ni kama mililita 125), chumvi kijiko kimoja cha chai kisawazishwe sio kile cha mlima, na sukari kijiko kimoja cha chakula. Basi. Chupa ya kioo yenye mfuniko, ya nusu lita inatosha na nafasi inabaki. Kitunguu cheupe pia kinafaa ila hutapata ile rangi, na mi naona nusu ya raha iko kwenye rangi.

Siki angalia lebo. Nyingi za dukani zina asidi asilimia 5 na vipimo vyangu vyote vimekaa hapo, iwe nyeupe ya kawaida au ya tufaha ambayo ni laini kidogo mdomoni. Ila kuna ile kali ya kuzimua, yani esensi, hiyo ni mnyama mwingine, inaunguza koo na ngozi, usije ukaimimina hivohivo ukidhani siki ni siki, izimue kwanza kama chupa yenyewe inavyoelekeza.

Sasa kisu. Hapa ndo kazi yote ilipo na ndo watu wanapakimbia. Kata kitunguu katikati kuanzia kwenye mizizi hadi kwenye ncha, menya, laza upande bapa chini, alafu katakata vipande vyembamba vya milimita 2 au 3 ukifuata mistari ya kitunguu yani kutoka mizizi kwenda ncha. Ukikata hivo kipande kinashika umbo lake na kinabaki na ukakamavu hata wiki ikipita. Ukikata kwa kupinga unapata pete, nzuri kwa macho sikatai, ila zinalegea mapema na ukiuma moja inakuja nzima inakupiga kidevuni. Usikate nene ukasema zitakolea zenyewe, nje itakuwa chachu ndani bado inawasha. Na usikate nyembamba kama karatasi pia, hizo zinanywea.

Machozi je? Kitunguu kikikatwa kinatoa hewa fulani yenye salfa, ikifika kwenye maji ya jicho ndo inachoma. Mi nakiweka kwenye friji kama nusu saa kabla, kikipoa ile hewa inatoka pole pole, na natumia kisu kikali sana maana kisu butu kinasaga badala ya kukata, kadri unavyosaga ndivyo inavyotoka. Mambo ya kuuma mkate au kuwasha mshumaa nilishajaribu yote nkalia vilevile.

Kama kitunguu chako ni cha ile jamii inayowasha mpaka masikio, weka vipande kwenye chujio, mwagia maji ya moto ya birika mara moja tu, kung'uta. Sekunde chache, sio kuloweka. Ule ukali unapungua na harufu mdomoni baadae haikuandami. Kama chako ni cha upole ruka hiyo hatua.

Vitunguu viingie kwenye chupa, vishindilie kidogo kwa kijiko ila usivisage. Viungo ni hiari: punje kama 10 za pilipili manga, punje za saumu mbili zilizopondwa, pilipili moja iliyopasuliwa, mbegu kidogo za giligilani. Usiweke vyote siku moja jamani. Mi mara nyingi ni pilipili manga tu. Karafuu ikizidi mbili unakula karafuu, kitunguu umekipoteza.

Kwenye sufuria ndogo weka siki, maji, chumvi na sukari, pasha huku unakoroga mpaka chumvi na sukari vipotee na mvuke uanze kupanda. Inatosha, zima. Sufuria isiwe ya aluminiamu tupu, siki inaila na unapata ladha ya chuma, tumia stenlesi au ile ya enameli. Na usiinamie juu ukavuta pumzi, mvuke wa siki unakaba.

Kabla ya kumimina, suuza chupa kwa maji ya moto kidogo ipate joto, kioo baridi kikikutana na siki ya moto kinaweza kupasuka. Mimina hadi vitunguu vizame. Mwanzoni utaona kama maji hayatoshi, subiri, vitunguu vinanywea vinashuka na vyenyewe vinatoa maji. Kandamiza kwa kijiko, mapovu yapande.

Alafu kaa uangalie. Dakika za mwanzo vipande viko vilevile, kingo za zambarau na katikati nyeupe. Baadae kidogo ile zambarau inaanza kuachia, maji yanakuwa na wekundu wa mbali, na ule weupe wa katikati unaanza kuona haya, unakuwa waridi kuanzia pembeni kuingia ndani. Baada ya nusu saa chupa nzima inawaka. Ile rangi inaitwa antosianini, ikikutana na asidi inakuwa nyekundu ya waridi, ikikutana na kitu kama magadi inakimbilia bluu na kijani, kwahiyo rangi yenyewe inakwambia siki imefika. Saumu nayo saa nyingine inageuka bluu au kijani humo ndani, inatisha ukiiona mara ya kwanza ila haina shida, kula.

Acha mezani bila mfuniko mpaka ipoe, nusu saa hivi unaweza kuanza kula, ila kesho yake ndo vinakuwa vitamu zaidi. Funika, weka kwenye friji. Kama huna haraka kuna njia ya baridi pia: changanya kila kitu bila moto, tikisa chupa mpaka chumvi iyeyuke, friji masaa manne au usiku mzima. Vinabaki vigumu zaidi, mi naipenda hii kuliko ile ya moto kusema ukweli, ila mgeni akishagonga hodi huna hayo masaa manne. Ndimu nayo inafaa badala ya siki, hiyo sasa usiipashe moto inaharibika ladha, na umalize ndani ya siku chache.

Kwenye kuhifadhi naomba tusikilizane. Hivi ni vya friji, sio vya kabatini. Utaona mfuniko umevutwa chini baada ya kupoa ukasema ah imejifunga hii itakaa miezi, hapana, hiyo ni hewa ya moto imepoa tu. Kwenye friji hesabu wiki mbili, ladha ikianza kuchoka maliza. Toa kwa uma safi, sio ule uliotoka mdomoni. Ukiona utando juu, mapovu yanayopanda yenyewe, au harufu ya ajabu, mwaga yote usianze kuchagua. Na usipunguze siki chini ya nusu eti ni kali mno. Bakteria wabaya, wakiwemo wale wa sumu ya botulinamu, wanazuiwa na asidi, mpaka unaotajwa ni pH 4.6 kushuka chini (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda), na nusu kwa nusu inakuweka mbali na huo mpaka. Ukiona uchachu umezidi ongeza sukari, maji acha. Sukari na viungo cheza navyo utakavyo, siki ndo usicheze nayo.

Unavila na nini? Maharage, mayai, nyama choma, mkate wenye kitu chochote cha mafuta ndani, popote palipo na mafuta mengi hivi vinakata. Vichuje kidogo kwanza mkate usilowe.

Vikiisha, yale maji ya waridi usimwage. Changanya na mafuta ya kula na chumvi kidogo umepata sosi ya saladi, au loweka nyama humo nusu saa kabla ya moto. Kutia vitunguu vipya kwenye maji yaleyale sikushauri, yameshazimuliwa na vile vya kwanza. Na yakishagusa nyama mbichi hayo ni ya kumwaga, hata kama rangi bado inavutia.