Apatimenti ya mjini Dar: kabla hujatuma pesa, lichunguze jengo

Mtanzania anayeishi nje na anayetaka makazi Dar es Salaam huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kiwanja Bunju, Kibamba, Chanika au Kigamboni, ajenge kidogo kidogo kwa mkono wa ndugu. Ya pili ni apatimenti kwenye ghorofa refu katikati ya jiji: Upanga, Kisutu, Posta, Gerezani, au pembeni kidogo kama eneo la Morocco, Kinondoni. Mwongozo huu ni kwa wanaoiwaza njia ya pili. Mimi naamini kwa wengi wetu tulio mbali ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba tunakagua vitu visivyo na uzito. Tunatumiwa video ya jiko na dirisha linalotazama bahari, tunapendezwa, na hatuulizi nani anaendesha lile jengo na kwa pesa ya nani.

Faida kubwa kwa mtu aliye Muscat au Minneapolis ni kwamba anafunga mlango na kuondoka. Getini kuna mlinzi, na hakuna wa kuja usiku kuhamisha bikoni za mpaka. Huna haja ya kutuma pesa kila mwezi za kufyeka majani, za kujenga upya ukuta ulioanguka, za kumlipa kijana wa kulala kwenye nyumba isiyo na mtu. Aliyewahi kusikia kesi ya kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili anajua utulivu huo una thamani gani.

Halafu kuna mahali penyewe. Ukiwa Upanga, hospitali za Muhimbili, Aga Khan na Ocean Road zote ziko karibu, na kwa mzazi anayehudhuria kliniki kila mwezi hilo peke yake linatosha kuamua. Samaki unamfuata soko la Feri asubuhi, mboga soko la Kisutu. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yanakutoa Kivukoni hadi Kimara au Morocco. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, limerahisisha safari ya Oysterbay na Masaki. Na tangu 2024 treni ya SGR inaondoka hapo hapo mjini kwenda Morogoro na Dodoma, kwa hiyo mwenye ndugu au shughuli za serikali Dodoma hahitaji kumaliza siku nzima barabarani.

Kumbuka tu masika. Kati ya Machi na Mei, Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, na mjini panatengana na ndugu zako wote wa Magomeni, Ubungo na Kimara. Kama nusu ya maisha yako ukiwa likizo ni kutembelea wazazi upande huo, liweke kwenye hesabu.

Umeme, maji na lifti ni jambo moja

Watu huuliza maswali haya matatu kando kando, lakini ghorofani yanategemeana. Msukumo wa maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, haupandi ghorofa ya tisa. Maji yanaingia kwenye tangi la chini, pampu inayasukuma hadi matangi ya juu ya paa, ndipo yanashuka bombani kwako. Pampu ni umeme, na lifti ni umeme. Kwa hiyo TANESCO wakikata umeme na jenereta ikawa haina dizeli, ndani ya saa chache umekosa taa, umekosa lifti, na matangi ya paa yakiisha umekosa maji. Mwenye nyumba ya chini Tabata hukaa barazani akisubiri umeme urudi, na ndoo yake anaijaza kwa jirani. Wewe uko juu na mtoto mgongoni.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwakumbusha watu hilo. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuzalisha mwaka 2024 hali imekuwa afadhali sana, ila kukatika kwa umeme hakujaisha. Kwa hiyo usiulize kama jengo lina jenereta, maana jibu huwa ndiyo. Uliza inaendesha nini: apatimenti zote, au lifti, pampu na taa za ngazi tu? Uliza dizeli inalipwa vipi, na kama siku ya mwisho wa mwezi huwa imo.

Kuhusu maji, uliza chanzo. Majengo mengi ya mjini yana kisima kama akiba, na kisima cha karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Chumvi hiyo inakula hita ya maji ya moto, koki na mashine ya kufulia. Anayekwenda kukagua kwa niaba yako afungue bomba la jikoni, aonje. Aulize pia jengo lilivyopita mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likawekwa kwenye mgao wa maji. Majirani wanakumbuka vizuri.

Lifti ziwe zaidi ya moja, na kampuni inayozifanyia matengenezo ijulikane. Kama unamnunulia mama mwenye magoti mabovu, lifti moja iliyozeeka ni sababu tosha ya kuacha jengo zuri. Na pima jambo ambalo dalali hatakuambia: machela inaingia kwenye hiyo lifti ikiwa imelala?

Shughuli zetu zitafanyika wapi?

Hapa naomba tutulie kidogo. Apatimenti imejengwa kwa ajili ya familia ndogo, na maisha yetu hayako hivyo. Mtu akifariki, watu wanakuja: turubai, viti, mikeka ya akina mama, sufuria kubwa za kupikia waombolezaji. Kwenye jengo refu la Kisutu huna uani wa kuweka hayo. Majengo mengi hayaruhusu moto wa mkaa, na getini kila mgeni anaandikwa jina kwenye daftari. Familia nyingi za mjini huhamishia msiba kwa baba mdogo mwenye kiwanja Mbagala au Mbezi, au hutumia ukumbi. Si aibu hata kidogo, ila mkubaliane kabla, wazee wasijikute wanabishana siku ambayo si ya kubishana.

Vivyo hivyo harusi, hitima, arobaini, na wageni wa kulala kutoka Tanga au Songea. Soma kanuni za jengo: wageni wangapi, maegesho mangapi, kelele mwisho saa ngapi, nguo zinaanikwa wapi. Maegesho hasa. Apatimenti bila nafasi yako ya gari iliyoandikwa kwenye mkataba maana yake ni kugombania upande wa barabara na kulipia ushuru wa maegesho kila siku.

Unanunua pia mifuko ya majirani

Ngazi, lifti, paa, jenereta, walinzi na rangi ya nje ni mali ya wote. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 ndiyo inayomwezesha mtu kupewa hati ya apatimenti yake peke yake, ile ambayo wengi wanaiita hati pacha, pamoja na fungu lake katika maeneo ya pamoja. Sheria hiyo hiyo inataka wamiliki wawe na chama chao cha kusimamia jengo na kuchangishana.

Aliyeishi kwenye kondo ya Toronto amezoea kwamba sheria ya Ontario inalazimisha kila jengo liwe na mfuko wa akiba, na mnunuzi anapata taarifa ya hali yake kabla hajasaini. Dar usisubiri upewe, idai mwenyewe. Omba muhtasari wa mkutano wa mwisho wa wamiliki. Omba kujua ada ya huduma ni kiasi gani, wangapi hawajalipa, na lifti ikifa kesho pesa ya nyingine iko akaunti gani. Uongozi mzuri utakujibu siku hiyo hiyo. Ukizungushwa, usinunue hapo, hata kama bei imeshushwa. Na ukishanunua, lipa ada kwa wakati. Mmiliki aliye nje asiyepokea simu na mwenye deni la mwaka mzima ni mzigo kwa wanaoishi pale, na dizeli inayokosekana ni ya watoto wao.

Kama apatimenti inauzwa na mjenzi, wakili wako afanye upekuzi kwa msajili wa hati. Je, hati pacha zimeshatoka, au wanunuzi wana mikataba ya mauziano tu huku hati ya kiwanja kizima ikiwa bado kwa mjenzi, pengine benki? Na miaka imebaki mingapi? Ardhi hutolewa kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na bei ya apatimenti yenye miaka 20 iliyobaki haiwezi kuwa sawa na ile yenye 80.

Uimara wa jengo usiuonee haya. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine lilianguka Kariakoo na kuua wafanyabiashara na wateja wao. Omba kibali cha ujenzi na ulinganishe idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa na unazoziona. Omba majina ya mkandarasi na mhandisi, uyahakiki kwenye bodi zao za usajili. Kisha mtu ashuke kwa miguu kutoka ghorofa yako hadi chini kwa ngazi za dharura, aone kama milango imefungwa kwa mnyororo au ngazi zimegeuzwa stoo. Namba ya Zimamoto ni 114.

Ghorofa ya juu kabisa ina upepo na mandhari, lakini zege la paa hulibeba jua mchana kucha na kukushushia joto usiku, na paa likivuja apatimenti ya kwanza kulowa ni yako. Upande wa bahari unapata kaskazi na kusi, pamoja na chumvi inayokula viyoyozi na nondo za madirisha. Mimi ningechagua ghorofa za katikati.

Uraia na pesa

Uraia ni jambo la kuhakikisha mapema. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, haimpi asiye raia ardhi ya Bara isipokuwa kwa uwekezaji. Uliyechukua pasi ya Uingereza au Marekani unahesabiwa asiye raia. Serikali imekuja na mpango wa hadhi maalum kwa wanadiaspora wenye asili ya Tanzania, kwa hiyo wakili akueleze hatua zake za sasa kabla ya malipo ya kwanza. Ndugu zetu Wakenya na Waganda, kwenu njia rahisi Bara ni kupanga. Zanzibar ina sheria yake ya kondo, nayo ni mazungumzo mengine.

Bei na kodi ya pango zitajwe kwa shilingi, maana kanuni za Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani unaponunua umeme wa kulipia kabla. Ukipangisha ukiwa nje, kodi ya zuio ya TRA, mamlaka ya mapato, kwenye pango ni asilimia 15 kwa asiye mkazi, siyo 10 ya mkazi. Liweke kwenye hesabu kabla hujajiambia apatimenti itajilipa yenyewe.

Kama unaweza, panga kwanza kwenye jengo hilo hilo likizo moja. Usipoweza, anayekuwakilisha aende jioni watu wakirudi kazini, aone foleni ya lifti, na arudi siku ya mvua. Hati ya uwakilishi unayompa iandikwe kwa kazi moja tu, kusaini ununuzi wa apatimenti namba fulani, na iwe na tarehe ya kuisha. Malipo yaende benki kwa benki kwenye akaunti ya muuzaji aliyetajwa kwenye hati, hata kama anayekuwakilisha ni kaka yako wa tumbo moja.